Kanda ya mjomba na fundi wa juu ya duka la leso

Nianze na lawama, nisije nikaonekana nimelipwa. Fundi huyu wa kusafisha na kunakili kanda za video aliniambia wiki moja, akakaa na kanda yangu wiki tano. Ngazi zake nyembamba na zina giza mchana kweupe, na ukifika juu hakuna pa kuketi ila ndoo iliyopinduliwa. Simu hashiki. M-Pesa anapokea, lakini kwa namba ya mkewe, kwa hiyo wasubiri mpaka mkewe aseme pesa imeingia, na mkewe naye simu hashiki. Hata hivyo nampa nyota nne kwa tano. Ile ya tano nimemnyima kwa ajili ya ndoo.

Duka halina jina. Ukiwa Biashara Street, hapa Mombasa, unaelekea upande wa Marikiti, tazama juu ya maduka ya leso, utaona kibao cha bati kimeandikwa PICHA FOTOKOPI KANDA. Hilo neno la mwisho limechakaa, na ndilo lililonipeleka. Sikuhizi ukimwambia kijana wa simu kwamba una kanda ya VHS anakutazama kama uliyemletea jino la babu yako.

Mie kazi yangu ni ya makaratasi, niko ofisi ya kutoa mizigo bandarini, na kazi hiyo imenifunza kutoamini kitu mpaka nimekiona kwa namba zake. Kumbe kwa jambo hili nilikuwa nimeamini miaka thelathini bila kukagua.

Kanda yenyewe ni E-180, ganda jeusi, na ubavuni ina karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa mjomba: MIMI. USIFUTE. Ndani yake mna filamu ya Out of Africa, ile ya Sydney Pollack ya mwaka 1985, iliyorekodiwa kutoka kwenye televisheni pamoja na matangazo ya sabuni na mafuta ya kupikia. Filamu peke yake ni zaidi ya saa mbili na nusu. Ukichanganya na matangazo, dakika 180 za kanda hazitoshi, kwa hiyo kanda inakatika kabla mambo hayajaisha. Sie watoto wa nyumba ile tulikua tukijua kwamba mzungu yule na bibi yule wanagombana, kisha basi, chenga. Tulidhani ndio mwisho wenyewe, wa kizungu.

Mjomba, kakake mama, wakati huo alikuwa fundi wa kushona Pumwani Majengo, Nairobi. Waliokuja kupiga filamu walijenga Nairobi ya mwaka 1913 upya, stesheni na maduka na kila kitu, mahali ambapo milima ya Ngong inaonekana, kisha wakahitaji watu wa kuujaza huo mji. Wanaume wa kanzu na kofia wakatakiwa, wa kupita tu, huku na huko. Kwa hesabu ya mjomba alipita siku tatu. Kanzu walimpa. Kofia yao aliikataa, akasema hawezi kuonekana na dunia nzima amevaa kofia ya mashine. Akavaa yake, ya kushonwa kwa mkono, yenye vitobo vidogo vidogo, aliyoshonewa na mamangu kwa miezi minne.

Filamu ile ilichukua tuzo saba za Oscar, na filamu bora ikiwemo. Mjomba hakusema "ilichukua". Alisema "tulichukua saba". Malipo aliyopewa yalipanda kila Idi alipotusimulia, na mwaka wake wa mwisho yalikuwa yanatosha kununua kiwanja Nyali.

Kila tulipoitazama alituonyesha na yule kijana anayefuatana na Robert Redford, yaani yule mzungu, porini, Kanuthia, ambaye haongei sana lakini ukimtazama humsahau. Jina la mwigizaji wake mle ni Job Seda. Baadaye dunia ilimjua kama Ayub Ogada, mpiga nyatiti, kile kinubi cha Waluo, aliyefariki Februari 2019, na alizaliwa hapa hapa Mombasa mwaka 1956. "Watu wa Mombasa tulikuwa wawili," mjomba akijigamba, utadhani walipanda gari moja. Sidhani kama walisalimiana hata siku moja. Lakini nyumbani kwetu Redford alikuwa mtu wa pembeni tu kwenye filamu ya hao wawili.

Na hapa niweke kinyongo changu kingine, ambacho fundi hausiki nacho. Karen Blixen wa kweli, yaani bibi yule wa filamu, aliolewa Mombasa, tarehe 14 Januari 1914, aliposhuka tu meli, na shahidi wake alikuwa mwana wa mfalme wa Sweden. Filamu ikaihamisha ndoa Nairobi, kwenye bustani ya klabu. Hata Inception, ile ya 2010, Mombasa yake ilipigwa Tangier, Moroko, na watu wakaamini ndio vichochoro vyetu. Sie na filamu hatuna bahati. Ndiyo maana mtu mmoja wa kanzu anayepita nyuma ana thamani yake kwetu.

Sasa kisa. Mama anaingia mwaka wa sabini na tisa, na mjomba alifariki 2009. Nikataka kumfanyia mama zawadi: picha ya mjomba kutoka kwenye filamu, kwenye fremu. Sote nyumbani tulijua yuko wapi. Karen ameshuka garimoshi, amepokewa na Farah, mtumishi wake, na nyuma yao kuna mwanamume wa kanzu amebeba sanduku begani. Huyo. Nilipokuwa mdogo niliwaonyesha rafiki zangu wa shule huyo, na nikawaonyesha wanangu huyo huyo.

Kwanza nilikwenda duka jingine kabisa, la kisasa, lenye kiyoyozi na viti vya ngozi. Jina nalihifadhi. Kanda sikuwapelekea, niliwapa picha niliyoipiga kwa simu kwenye skrini ya televisheni zamani kidogo, wakati deki yetu, mashine ya kuchezea kanda, bado yazunguka. Kijana akaniambia ana programu ya kusafisha sura, dakika mbili tu. Kweli, dakika mbili. Pale palipokuwa na doa la kahawia pakatokea uso: nyusi zimekaa sawa, meno meupe, ndevu zimechongwa kama za mtangazaji wa habari. Shilingi 800, na fremu 1,200.

Mama aliishika ile fremu akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Ana mtoto wa jicho upande mmoja. Akaniuliza, "Huyu nani?"

"Mjomba, mama."

"Mjombako yupi?"

Niliona haya, halafu nikakasirika, halafu nikapata wazo kwamba kosa ni la programu. Na kosa la programu lilikuwepo, kwa sababu programu ile haisafishi kitu. Palipokuwa hapana uso, imetunga uso kutokana na nyuso nyingi ilizofundishwa. Lakini hilo lilikuwa nusu tu ya kosa, na ile nusu ya pili nimeijua kwa huyu mzee wa juu ya leso.

Nilivuka feri kutoka Likoni asubuhi, kanda nimeifunga kwenye kanga ndani ya mkoba. Mzee ni wa miaka ya sabini hivi, kikoi na fulana, miwani imefungwa kwa uzi. Zamani alikuwa na duka la kukodisha kanda za Kihindi, wakati sinema za Naaz na Regal bado zaonyesha picha, na ukutani amebaki na deki kumi na moja, nyingi zimekufa na kazi yao ni kutolewa vipuri. Nikamwamkia, nikamwita Ami, akaipokea kanda kwa mikono miwili. Hakuniuliza ni nini. Aliinua kifuniko, akaielekeza kwenye dirisha, akaniambia niangalie pembeni ya utepe.

Kulikuwa na unga mweupe, kama wa mahamri yaliyokaa.

"Kuvu," akasema. "Umeitia kwenye deki?"

Nikasema sijaitia miaka kumi na kitu.

"Alhamdulillahi. Ungeitia, ungeua kanda na deki pamoja, na kila kanda itakayofuata ungeiambukiza."

Hili nalisema kwa yeyote mwenye sanduku la kanda chini ya kitanda. Mji wetu huu, kwa unyevu na chumvi yake, ni bustani ya kuvu. Ukitazama kupitia kijidirisha cha kanda ukaona madoa meupe, usijaribu "kuona tu kama inacheza". Mpelekee anayejua. Kazi aliyoifanya mbele yangu siku ile ni hii: alifungua ganda, skrubu tano, akatoa magurudumu mawili yenye utepe, akayaweka kwenye bati la biskuti lenye vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vya kunyonya unyevu. Siku kadhaa zikauke. Halafu ataupitisha utepe wote, mita zaidi ya 250, taratibu kwa mkono, kwenye kitambaa laini chenye spiriti. Pamba hatumii kabisa, kwa sababu nyuzi zake zinanasa kwenye kichwa cha deki. Halafu ataufunga kwenye ganda jingine, jipya au lililo safi. Ndipo ataucheza mara moja, mara moja tu, huku kompyuta inanakili.

Alipoona napiga hesabu kichwani akanitajia bei: shilingi 2,500, flashi ulete mwenyewe. Nikampa 1,000, nyingine nikija kuchukua.

Wiki ya kwanza nilikwenda nikakuta stima hakuna mtaa mzima. Wiki ya pili amesafiri, Lamu, kuna mazishi. Ya tatu, kanda "bado ina maji". Hapo nilitaka kuandika maoni haya kwa nyota moja. Ya nne alinipa faili, nikavuka nayo feri, nikaichomeka kwenye televisheni nyumbani, picha ikaja bila sauti. Nikairudisha. Hakuomba radhi, alisema televisheni za sikuhizi ni wajinga. Wiki ya tano aliniambia nikae nisikimbie, ana jambo la kunionyesha. Nikakaa kwenye ndoo.

Akaipeleka mpaka stesheni. Mwanzo wa filamu wote ulikuwa safi kuliko nilivyowahi kuuona. Nyasi zilikuwa na rangi ya nyasi. Nyumbani zilikuwa zambarau tangu nipate akili. Lakini alipokaribia pale pale, Karen anashuka, chenga zikajaa, mistari myeupe ikaruka kulia na kushoto, na picha ikawa kama inayotazamwa kupitia pazia la mvua.

"Kanda nzima nimeweza," akasema Ami. "Hapa pekee sijaweza. Wajua kwa nini?"

Nikasema kuvu.

"Siyo kuvu. Hapa mulikuwa mwasimamisha."

Akanieleza, na nimeelewa vizuri kiasi cha kulieleza. Ndani ya deki kuna ngoma ndogo inayozunguka mara 25 kwa kila sekunde, na vichwa vyake vinasoma utepe kwa kuusugua mshazari. Kanda ikitembea, kila kichwa kinagusa mahali kikaenda zake. Ukibonyeza pozi, utepe unasimama lakini ngoma haisimami. Inasugua pale pale, mara 25 kila sekunde, mpaka uondoe. Dakika mbili za pozi ni misuguo elfu tatu mahali pamoja. Kila Idi, kila mgeni, kila mchumba aliyeletwa nyumbani, mjomba alisimama na rimoti, akabonyeza, akaenda mpaka kwenye kioo akaweka kidole. "Yule pale!" Na alikuwa hana haraka ya kukiondoa.

Sikuwa na la kusema. Ami naye hakunihurumia, aliendelea na kazi yake. Akaniambia picha zenyewe moja moja hazifai, kila moja ina nusu tu ya mtu, lakini zikienda pamoja jicho linajaza. Akazicheza polepole, mbele na nyuma, na kwa kompyuta hakuna kinachosugua kitu.

"Mjombako ni yupi?"

Nikamwonyesha mwenye sanduku.

"Alikuwa mrefu hivyo?"

Nikanyamaza. Mjomba nilimpita urefu nikiwa darasa la saba. Yule mwenye sanduku, ukimlinganisha na Farah, yaani na Malick Bowens, mwigizaji wa Mali aliyemwigiza Msomali yule, wako bega kwa bega. Miaka thelathini tulikuwa tunautazama uso wa mtu mwingine, kwa sababu alikuwa na sanduku, na kidole cha mjomba kilipogusa kioo kilimfunika yeye mwenyewe kabisa, kikamwacha jirani yake nje.

Ami hakujua mjomba ni yupi, wala hakujidai kujua. Aliniambia tu kwamba nyuma ya mwenye sanduku kuna watu watatu wanaopita, akanikatia kipande cha sekunde kumi peke yake kwenye flashi, akasema, "Mpelekee anayemjua." Nikamwomba anisafishie sura zao kwa kompyuta. Alikataa. Alisema anaweza kunipa kilichomo kwenye utepe, na kwenye utepe hamna pua. Kwa neno hilo peke yake nilimsamehe zile wiki tano.

Nilimketisha mama mbele ya televisheni baada ya Isha. Hapo ndipo nilipotambua kitu kilichonichoma: mama hajawahi kuketi mbele ya kanda ile. Filamu iliwekwa wageni wakija, na wageni wakija mama yuko jikoni. Alisikia tu "yule pale!" kutoka kwenye moshi wa biriani, miaka yote hiyo, na kofia ni yeye aliyeishona.

Nikacheza zile sekunde kumi. Mama kimya. Nikarudia. Alikuwa ameinamisha kichwa upande wa jicho zima. Mara ya tatu akasema, "Huyo."

"Wapi?"

"Huyo wa mkono."

Nyuma ya mwenye sanduku, karibu na ukingo wa picha, mtu mfupi anatokea, anainua mkono wa kushoto, anagusa kofia kama anayeirudisha mahali pake, anapotea. Sekunde mbili hazifiki. Uso hana, ni doa. Mjomba alikuwa mashoto, na kofia yake alikuwa haachi kuigusa, mpaka mama alikuwa akimgombeza kwamba ataichafua ukingoni. Nimeitazama baada ya hapo labda mara mia na sina shaka, ingawa mahakamani singeshinda.

"Lakini hakuwa na mwendo wa mbio hivi," mama akasema.

Nikampigia Ami kumuuliza, na kwa mara ya kwanza akashika simu. Akacheka. Filamu za sinema zinapigwa picha 24 kwa sekunde, televisheni zetu zinaonyesha 25, kwa hiyo kila mtu kwenye kanda ile anatembea haraka kidogo kuliko alivyotembea. Tofauti yenyewe ni ya asilimia nne. Sidhani jicho laweza kuiona, tena jicho lenye mtoto wa jicho. Lakini mama kashikilia, na Ami kamwambia Bi Mkubwa ana haki.

Ile fremu ya mwanzo nimeigeuza uso ukutani, sijui niifanyeje. Ni mtu fulani, lakini si mtu yeyote.

Kwa mwenye kutaka kwenda: asubuhi ndiyo nzuri, Ijumaa anafunga mapema kwa sala. Nenda na flashi yenye nafasi, GB 16 usishuke hapo, na mwambie akujaribie sauti kabla hujaondoka. Picha za pasipoti anapiga pia, lakini mwanga wake ni mbaya. Usimharakishe. Ukitaka uso mzuri wa dakika mbili, ziko sehemu nyingine.

Mama siku ya pili aliniomba nimwekee filamu yote tangu mwanzo, akaitazama mpaka inapokatika. Akaniuliza ilikwishaje. Nikamwambia yule bwana anakufa, ndege yake inaanguka, na kwamba ni kisa cha kweli: Denys Finch Hatton, Mei 1931, alikuwa ndio kwanza anaruka kutoka Voi.

"Voi hapo?"

"Voi hapo. Na nyumba ya pwani alikuwa nayo Takaungu."

Akafikiri kidogo. Halafu akanituma kabatini kwake nikalete kanda nyingine, ya harusi ya dadangu ya 1991, ambayo sikujua kama bado iko. Pembeni ya utepe ina ule unga mweupe. Nimempelekea Ami Jumanne. Kasema wiki moja.